Mafuta na Majoka

Westminster, nje kidogo ya London, Juni 24, 1141. Meza imeandaliwa, na mwanamke wa miaka 39 anakaribia kuketi ale. Amebakiza siku chache avikwe taji la Uingereza. Mpinzani wake, Mfalme Stephen, yuko kifungoni Bristol. Mara kengele za mji zinaanza kulia zote kwa pamoja, malango yanafunguliwa, na wakazi wa London wanamiminika barabarani wakiwa na silaha.

Matilda, binti wa hayati Mfalme Henry wa Kwanza, anapanda farasi na kukimbilia Oxford. Waliomfuata wanakuta chakula kingali mezani.

Taji lile hakulivaa kamwe.

Anayemfahamu Rhaenyra Targaryen, awe alikutana naye katika riwaya ya Fire & Blood au katika tamthilia ya House of the Dragon, atasema kisa hiki anakijua. Binti wa mfalme, aliyeapiwa na wakuu wote wa nchi, ananyang'anywa kiti na ndugu wa kiume, anapigana, anaingia mji mkuu kwa ushindi, kisha wakazi wa mji huohuo wanamtoa mbio. Orodha za mitandaoni zinazolinganisha wafalme wa Ulaya na wahusika wa riwaya hizi huandika mstari mmoja tu: Rhaenyra ni Matilda. Kisha zinarukia kwa Cersei na Margaret wa Anjou, Robb Stark na Edward wa Nne, na safari inaendelea.

Mstari huo umenikaa kichwani wiki kadhaa, na kila nikiutafakari unazidi kunikera. Hausemi uongo, ila unaishia palepale ambapo maswali yanaanza. (Anayesubiri tamthilia ifike mwisho aachie hapa, maana riwaya ilitoka 2018 na mwisho wake nautaja bila kuficha.) Rhaenyra aliliwa na joka la kaka yake wa baba mmoja, mwanawe akitazama. Matilda aliishi miaka 26 baada ya mlo ule uliovurugika, akafariki Rouen akiwa mama wa mfalme.

Mkasa ni mmoja. Kwa nini miisho imepishana hivyo?

Kinachofanana kweli

Kwanza tuwe waadilifu: kufanana kupo, tena kwingi. George R. R. Martin, mtunzi wa riwaya hiyo, hajaficha kwamba vita vya ndani vya ukoo wa Targaryen alivichota kwenye vurugu za Uingereza baada ya 1135.

Chanzo cha vurugu hizo kilikuwa ajali ya bahari. Usiku wa Novemba 25, 1120, meli iliyoitwa White Ship iligonga mwamba ikitoka bandari ya Barfleur, Normandy. Walizama watu wapatao 300, na mmoja wao alikuwa William, mwana pekee wa kiume wa ndoa wa Mfalme Henry wa Kwanza. Henry akabaki na binti mmoja wa ndoa na wana wengi wa nje. Mwanzoni mwa 1127 aliwaapisha maaskofu na makabaila wake kwamba akifa bila mwana wa kiume watampokea Matilda. Stephen, mtoto wa dada yake mfalme, aliapa mapema kabisa. Aligombana hata na Robert wa Gloucester, mmoja wa wale wana wa nje, juu ya nani atangulie kuapa.

Mfalme Viserys wa riwayani naye anawaapisha wakuu wake kwa ajili ya Rhaenyra. Ila Viserys anaoa tena na kupata wana wa kiume. Henry alioa tena asipate mtoto. Kwa hiyo Aegon wa Pili ana hoja ambayo Stephen hakuwa nayo hata kidogo: yeye ni mwana wa marehemu. Stephen alikuwa mpwa tu, na hata miongoni mwa ndugu zake hakuwa mkubwa.

Tazama sasa siku ya kifo. Henry alifariki Normandy, Desemba 1, 1135. Matilda hakuwa kando yake, kwa sababu walikuwa wamekosana juu ya ngome za mpakani, Argentan, Exmes na Domfront, ambazo baba aliahidi kumpa alipoolewa na Geoffrey wa Anjou kisha akazikalia. Tena alikuwa mjamzito, akimbeba mwanawe wa tatu. Rhaenyra pia yuko mbali, Dragonstone, mjamzito, baba yake anapokata roho.

Kuna na neno la kitandani. Hugh Bigod, msimamizi wa nyumba ya mfalme, alikuja mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury akaapa kwamba Henry, karibu ya kufa, aliwafungua makabaila kiapo chao. Riwaya haina kitu kama hicho, Viserys anakufa usingizini. Tamthilia ndiyo iliyoongeza lile tukio la mgonjwa kunong'ona jina la Aegon na mkewe kulielewa anavyolielewa yeye. Naona watunzi wa tamthilia walifanya vema hapo, maana walisogea karibu na historia kuliko kitabu chenyewe.

Wiki tatu za Stephen

Hapa ndipo orodha za mitandaoni zinapotuangusha, kwa kuwa zinalinganisha sura na kuacha utaratibu. Mtu alifanywaje kuwa mfalme wa Uingereza mwaka 1135?

Siku hizo utawala haukuanza mfalme aliyetangulia alipokufa. Ulianza siku ya kutawazwa. Katikati ya siku hizo mbili nchi haikuwa na mfalme, na amani iliyolindwa kwa jina la marehemu ilihesabiwa kuwa imekufa pamoja naye. Desturi ilibadilika baadaye sana: Edward wa Kwanza ndiye aliyehesabiwa mfalme tangu Novemba 1272, baba yake alipozikwa, ingawa alivikwa taji Agosti 1274. Kabla ya hapo pengo lilikuwa pengo kweli, na aliyekimbia haraka ndiye aliyelijaza.

Stephen alikimbia. Mkewe alikuwa mwenye Boulogne, pwani ya Ufaransa inayotazamana na Kent, na kutoka huko kuvuka bahari ni mwendo mfupi. Dover na Canterbury walimfungia malango. Hakupoteza muda nao, akaenda moja kwa moja London, wakazi wakamshangilia na kumkubali. Kutoka London akaenda Winchester, ilikokuwa hazina ya mfalme. Askofu wa Winchester alikuwa Henry wa Blois, mdogo wake wa kuzaliwa, na kwa msaada wake mtunza hazina akafungua milango. William wa Malmesbury, mtawa aliyeandika habari za zama zake, anasema fedha iliyokuwamo ilikaribia paundi 100,000. Ndipo akarudi Westminster, na Desemba 22 Askofu Mkuu akampaka mafuta na kumvika taji.

Mji, hazina, mafuta. Wiki tatu.

Matilda katika wiki hizohizo alichukua zile ngome tatu za mpakani akasimama. Si kwamba alikuwa mvivu. Mjamzito, kipupwe, na nyuma yake mume ambaye Wanormandy walimchukia kwa kuwa wa Anjou. Lakini kuanzia Desemba 22 tatizo lake lilibadilika jina. Awali alikuwa mrithi aliyecheleweshwa. Sasa alikuwa mtu anayempinga mpakwa mafuta.

Mafuta hayafutiki

Rudi kidogo Westeros, nchi ya riwayani. Aegon wa Pili anavikwa taji mbele ya umati, na kasisi mmoja anampaka mafuta paji la uso. Mafuta yapo, basi. Lakini baada ya siku hiyo hayamfungi mtu mkono. Hakuna anayeogopa kumgusa Aegon kwa sababu ya mafuta yale, na hakuna anayemwambia Rhaenyra kwamba shauri limekwisha kwa kuwa kanisa limeshapaka. Watu wanahesabu kitu kingine: upande wetu una majoka mangapi, na mangapi kati yao yana wapandaji.

Uingereza ya karne ya 12 ilihesabu mafuta.

Kupakwa mafuta hakukuwa pambo la sherehe. Waliamini kunambadilisha mtu, kama vile padri anavyobadilika akipewa daraja, na hakukuwa na ibada ya kuyafuta. Papa Innocent wa Pili alimkubali Stephen mwaka 1136. Matilda hakukubali, akapeleka kesi Roma, nayo ikasikilizwa mwaka 1139. Wakili wa upande wa Stephen hakusema mwanamke hawezi kutawala. Alisema Matilda si mtoto wa halali, kwa sababu mama yake aliwahi kuvaa shela la utawa katika monasteri ya Romsey kabla ya kuolewa, na ndoa ya mtawa ni batili. Shauri hilo la shela lilikuwa limeshaamuliwa mwaka 1100, Askofu Mkuu Anselm aliporidhika kwamba binti yule hakula kiapo cha utawa na akaruhusu ndoa. Miaka 39 baadaye likafukuliwa. Papa hakumvua Stephen.

Katika riwaya uhalali unasomwa kwenye rangi ya nywele. Hapa unabishaniwa na wanasheria kwa Kilatini, juu ya kitambaa alichovishwa msichana na shangazi yake.

Halafu, Februari 2, 1141, likatokea jambo ambalo mtunzi yeyote angelitamani. Stephen alitekwa vitani Lincoln, akapelekwa mbele ya Matilda, akafungwa Bristol. Matilda akawa na mfalme mpinzani mkononi mwake kwa miezi tisa.

Hakumuua.

Nimelizunguka jambo hili mara nyingi. Katika riwaya, siku Rhaenyra anapoangukia mikononi mwa Aegon haishi hata siku hiyohiyo. Matilda hakuwa mpole kuliko Aegon. Wanahistoria wa zama zake, karibu wote wakiwa wanaume wa kanisa, wanamlaumu kwa ukali na kiburi. Mwishowe hata pingu alimvisha Stephen. Lakini kumuua mpakwa mafuta kungemgeuza kuwa shahidi, kungewaudhi maaskofu ambao alihitaji mmoja wao ampake yeye, na kungempa kila kabaila sababu ya kuvunja ahadi. Alimtaka hai, afungwe, asahaulike.

Henry wa Blois, ambaye sasa alikuwa pia mjumbe wa Papa, aligeuka upande. Aprili 1141 aliitisha maaskofu Winchester, wakamtangaza Matilda kuwa Bibi wa Waingereza. Cheo hicho kilikuwa cha kusubiria. Umalkia ulihitaji mafuta, mafuta yalikuwa Westminster, na Westminster haifikiki kwa usalama bila ridhaa ya London.

Kodi

London ilikuwa na sababu zake, na hizi hazina joka wala mafuta ndani yake.

Matilda alipofika aliwaita matajiri wa mji na kuwadai fedha nyingi. Wakalalamika kwamba Stephen alikwisha kuwakamua. Wakaomba wahukumiwe kwa sheria za Mfalme Edward wa kale, wala si za baba yake, maana zile zilikuwa nzito. Akakataa, kwa hasira, kama wanavyosimulia wasiompenda.

Ng'ambo ya mto Thames alikuwako mwanamke mwingine, Matilda wa Boulogne, mke wa Stephen. Yeye ndiye ambaye tamthilia haina mfano wake, na ni hasara. Alicent, mama yake Aegon, ni mjane anayempigania mwanawe. Huyu alikuwa mke mwenye nchi yake mwenyewe, aliyeomba kwanza kwa unyenyekevu mume aachiliwe na mwanawe Eustace apewe urithi wa baba. Alipokataliwa alileta askari, wengi wao Waflanda chini ya William wa Ypres, wakachoma na kupora mashamba mbele ya macho ya wakazi. Wafanyabiashara wa London waliishi kwa biashara na Flanders, na njia fupi ya Flanders ilipita pwani ya Boulogne. Waliona moshi, wakapiga hesabu. Upande mmoja malkia aliyeshika njia ya biashara yao, upande wa pili Bibi anayedai kodi.

Kengele zikalia.

Martin aliliona hili, nampa haki yake. Rhaenyra anapouingia mji anakuta hazina tupu, kwa sababu Tyland Lannister, mtunza hazina wa upande wa Aegon, aliigawa na kuihamisha kabla. Anamteua Celtigar atoze kodi za kila aina, na mji unamgeukia hadi watu wanavamia banda la majoka na kuwaua. Hii ndiyo sehemu ya riwaya niipendayo kuliko zote, kwa kuwa hakuna upanga mkali wala unabii ndani yake. Kuna mtawala asiye na fedha na mji wenye njaa. Anayetaka kumlinganisha Rhaenyra na Matilda aanzie hapa, aache taji na gauni.

Mwana wa nje

Baada ya London mambo yalienda mrama. Henry wa Blois aligeuka tena, Matilda akamzingira Winchester, jeshi la malkia likaja likawazingira wazingiraji. Septemba 14 Matilda alitoroka kwa sababu Robert wa Gloucester alibaki nyuma kuzuia njia. Robert akatekwa.

Robert alikuwa mwana wa nje wa Mfalme Henry, tajiri, msomi, na jemadari bora kuliko wote upande wake. Walionadi kwamba yeye mwenyewe angefaa kuwa mfalme hawakukosekana. Alimtumikia dada yake hadi kufa kwake Oktoba 1147, na mapema 1148 Matilda aliondoka Uingereza. Kabla ya hapo, Novemba 1141, Matilda alikubali kumwachia mfalme mzima ili ampate Robert. Mwana haramu mmoja kwa mpakwa mafuta mmoja.

Riwayani, wana wa nje wanapewa majoka wasaidie upande wa Rhaenyra, na wawili kati yao, Hugh na Ulf, wanamsaliti Tumbleton. Hilo linamfanya awashuku wengine wote, hata waaminifu. Nguvu ya kutisha iliyo mikononi mwa mtu mmoja ndiyo inayouza pale: mwenye joka anaweza kujitangazia ufalme kesho asubuhi. Robert alikuwa na ngome, fedha na watu, lakini hakuna ngome ambayo ingemgeuza mwana wa nje kuwa mpakwa mafuta. Uaminifu wake ulikuwa wake, sitaki kuupunguza. Ila ulilelewa na nchi ambayo haikumwekea kishawishi hicho mlangoni.

Ngome zikisimama

Vita vya Rhaenyra vinachukua takriban miaka miwili. Vya Matilda, tukihesabu tangu aliposhuka Arundel mwishoni mwa Septemba 1139 na wapanda farasi 140, vilikwenda hadi 1153.

Sababu ni jiwe. Joka linafuta ngome, na Harrenhal, ngome kubwa ya riwayani, iliyeyuka usiku mmoja. Mwaka 1142 ngome ya mawe yenye kisima na ghala la nafaka ilikaa miezi. Stephen alimzingira Matilda Oxford tangu mwisho wa Septemba hadi Desemba. Chakula kilipokwisha, Matilda na askari wachache walijitanda nguo nyeupe, wakapita usiku juu ya theluji na mto ulioganda, kwa miguu hadi Abingdon, kisha kwa farasi hadi Wallingford. Wallingford ilikuwa ngome ya Brian fitz Count, na Stephen aliizingira tena na tena asiipate. Alijenga hata ngome ndogo za kuikabili, moja ng'ambo ya mto, Crowmarsh, ili kuibana. Bado haikuanguka.

Vita visivyo na mshindi huwafundisha watu kujilinda wenyewe. Ranulf wa Chester na Robert wa Leicester, makabaila wakubwa ambao mashamba yao yalipakana, waliandikiana mkataba uliobaki hadi leo. Walikubaliana kwamba bwana wa mmoja akimlazimisha kumshambulia mwenziwe, aende na askari wa farasi 20 tu, ampe taarifa siku 15 kabla, na atakachoteka akirudishe. Ukiusoma unaona wanaume waliochoka, wanaotafuta njia ya kumtii mfalme bila kuangamizana.

Stephen naye alikwama kwenye mafuta. Alitaka Eustace atawazwe angali yeye yu hai, ili kesi iishe. Mwaka 1152 Askofu Mkuu Theobald alikataa kumpaka, kwa kuwa Roma ilikataza. Stephen akawaweka maaskofu kizuizini, Theobald akatorokea Flanders. Mafuta yaliyompa baba ufalme yakanyimwa mwana.

Mwaka uliofuata majeshi ya Stephen na ya Henry, mwana wa Matilda aliyekuwa na miaka 20, yalikutana tena Wallingford, na makabaila wa pande zote mbili wakakataa kupigana. Agosti 1153 Eustace akafa ghafla. Novemba, Winchester, wakapatana: Stephen atawale hadi kufa, Henry awe mrithi kana kwamba ni mwanawe, William mwana wa pili wa Stephen abaki na mali yake, ngome zilizojengwa wakati wa vita zibomolewe. Stephen alifariki Oktoba 1154. Henry akapakwa mafuta Desemba 19.

Karne mbili kwenye chungu kimoja

Hapo nilidhani nimepata jibu: mafuta hayaui na hayafutiki, kwa hiyo yanaacha nafasi ya mapatano, ilhali joka linaifunga. Kisha nikapata shaka.

Wapakwa mafuta waliuawa, na si mara moja. Edward wa Pili mwaka 1327. Richard wa Pili mwaka 1400. Henry wa Sita katika Mnara wa London, Mei 1471. Mafuta yaliwasaidia nini?

Ukiwatazama kwa karibu, kila mmoja alivuliwa kwanza. Palitafutwa bunge, hati ya kujiuzulu, au mfalme mwingine aliyekwisha kupakwa, ndipo akafa faraghani, na hadithi ya ugonjwa au huzuni ikatangazwa. Woga ulikuwepo, ila kila tukio liliupunguza. Kufikia 1461 Uingereza ilikuwa na wapakwa mafuta wawili hai kwa wakati mmoja, Henry wa Sita na Edward wa Nne. Naye Edward wa Tano, mvulana wa miaka 12 aliyetoweka mnarani mwaka 1483 na mdogo wake, alikuwa bado hajapakwa. Kutawazwa kwake kulikuwa kumepangwa, kukaahirishwa, na Julai 6 aliyepakwa akawa baba yake mdogo, Richard wa Tatu.

Basi nikaona kilichofanyika kwenye riwaya. Martin amechukua ugomvi wa karne ya 12 na kuupikia kwenye chungu cha karne ya 15. Mwisho wa Fire & Blood unathibitisha: wadai wote wawili wanakufa, na mtoto wa mmoja anaozwa kwa mtoto wa mwingine, Aegon wa Tatu na Jaehaera. Mwaka 1153 hapakuwa na harusi yoyote. Harusi hiyo ni ya Januari 1486, Henry Tudor na Elizabeth wa York.

Hata wana wa Rhaenyra wenye nywele za kahawia si wa Matilda. Hakuna aliyetilia shaka baba wa watoto wake. Tuhuma hiyo ni ya Margaret wa Anjou, aliyejifungua Oktoba 13, 1453 wakati mumewe Henry wa Sita amekaa tangu Agosti bila kusema wala kutambua mtu, na uvumi ukaanza. Au ni ya Ufaransa, 1314, wake wawili wa wana wa Mfalme Philip wa Nne walipohukumiwa kwa uzinzi, na mtoto wa mmoja wao, Jeanne wa miaka minne, akarukwa kwenye urithi wa Ufaransa mwaka 1316. Mhusika mmoja wa riwaya ameshonwa kwa vitambaa vya malkia watatu. Ndiyo maana "nani ni nani" haitufikishi mbali. Inafaa kuuliza tukio hili limetoka karne gani, na karne ile mfalme alitengenezwaje.

Cersei, malkia wa riwaya nyingine za Martin anayetembezwa hadharani kwa toba, naye ni hivyohivyo. Kutembezwa kwake mjini kunasemwa ni Jane Shore, hawara wa Edward wa Nne, aliyetubishwa hadharani London mwaka 1483. Mimi namwona zaidi Eleanor Cobham, mke wa Duke wa Gloucester, mwaka 1441: siku tatu za soko, Novemba, kichwa wazi, mshumaa mkononi, kila siku kanisa jingine, kwa kosa la uchawi dhidi ya mfalme. Jane alirudi kuishi maisha yake na akaolewa tena. Eleanor alifungwa hadi kufa.

Baada ya mkasa

Rouen, Matilda hakukaa kulia. Alisimamia mambo ya Normandy mwanawe alipokuwa ng'ambo, akagharamia daraja la mawe la mto Seine, akatia muhuri wake kwenye hati. Mwaka 1155 Henry wa Pili alipotaka kuivamia Ireland, mama yake alipinga, na safari ikaahirishwa. Hakupendezwa na wazo la kumfanya Thomas Becket kuwa Askofu Mkuu, na tunajua lilivyoishia. Sioni riwaya ikimpa Rhaenyra miaka kama hiyo. Mwanamke wa miaka 60 anayesoma barua na kusuluhisha watu hana nafasi pale penye moto, na naamini hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote kati ya vitabu hivi na historia.

Mwanawe aliitwa Henry mwana wa mke wa Kaisari, kwa cheo alichokipata mama katika ndoa yake ya kwanza Ujerumani. Alidai kiti kupitia kwake. Hakuna aliyepinga kwamba damu ya mwanamke inaweza kupitisha ufalme. Kilichobaki bila jibu ni kama mwanamke mwenyewe anaweza kupakwa, na Uingereza ilikaa na swali hilo miaka 412.

Julai 1553 Jane Grey alitangazwa malkia akakaa katika Mnara wa London, hazina na silaha chini yake. Hakupakwa, na baada ya siku tisa alikuwa mfungwa mlemle. Mary Tudor aliingia London Agosti 3 mji ukimshangilia. Kanisa la Uingereza lilikuwa limejitenga na Roma, na Mary aliogopa kwamba mafuta yaliyokuwako hayakuwa yamebarikiwa ipasavyo. Akaagiza mengine kwa siri kutoka kwa Askofu wa Arras, Brussels, na Oktoba 1 akapakwa hayo.